Gari la Babu Haliwaki

Kila asubuhi saa moja Merridy Haig aliketi jikoni na kikombe chake cha chai, akisikiliza redio ya upepo ikiita mashamba moja baada ya jingine. Kila shamba lilitaja jina lake na kueleza kama mvua imenyesha. Zamu ya kwao ilipofika, alibonyeza kitufe na kusema, "Wirrabeen, kukavu." Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa maneno yake pekee kwa mtu asiye mama yake mpaka masomo yaanze saa tatu.

Masomo yenyewe yalikuwa kwenye kompyuta. Wanafunzi wenzake kumi na mmoja walikuwa nyuso ndogo kwenye visanduku, kila mmoja akiwa shambani kwao, mbali na mwenzake. Rafiki yake mkubwa, Bronte, alikuwa kisanduku cha tatu kutoka juu. Merridy hakujua Bronte amerefuka kiasi gani, maana kwenye kompyuta watu hawana miguu.

Mara moja tu kwa mwaka, mwezi Agosti, watoto wote walikutana mjini Broken Hill kwa siku tano. Mwaka huu walikuwa wakutane Ijumaa. Kwa kuwa mji ulikuwa mbali, Merridy na mama yake walipanga kuondoka Alhamisi alfajiri. Baba alikuwa amepeleka kondoo kusini kwa lori, na gari lililobaki nyumbani lilikuwa moja: gari jekundu la marehemu babu, la zamani, lenye turbo.

Jumatano asubuhi Mama aliingia bandani kulijaribu. Injini ilishika, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Alijaribu tena na tena. Mara zote ilikuwa vilevile.

"Mwite Shangazi Maeve," Mama alisema.

Maeve Tranter hakuwa shangazi yake wa damu. Aliishi kilomita tisini kutoka hapo, na ndiye aliyetengeneza pampu na injini za eneo lote. Wiki hiyo mguu wake ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo hakuweza kuja. Merridy akachukua redio ya mkononi, akasimama mbele ya boneti.

"Haya, mpenzi," Maeve alisema. "Wewe ndiye macho yangu na mikono yangu. Tutakwenda polepole. Kwanza niambie, lilitembea lini mara ya mwisho, na lilikuwaje?"

Merridy alimtazama mama yake, aliyekuwa mlangoni akimnyonyesha kondoo mchanga kwa chupa.

"Wiki tatu zilizopita. Lilikuwa zima."

Haikuwa kweli. Jumapili, Mama alipokuwa malishoni, Merridy aliliendesha mwenyewe mpaka kwenye geti la barabara kuu. Watoto wa mashambani huendesha magari mapema, lakini hili alikuwa amekatazwa. Alikaa getini saa nzima. Wakati wa kurudi alikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye kilima cha mchanga, akasikia mlio, kisha gari likapoteza nguvu na kutoa moshi mweusi. Alilikokota hivyo hivyo mpaka karibu na nyumbani, likazimika, akaliacha liserereke kwenye mteremko hadi bandani. Hakumwambia mtu.

"Piga stata," Maeve alisema. "Inazunguka kwa nguvu?"

"Ndiyo."

"Basi betri nzima. Sasa Mama azungushe ufunguo bila kuwasha, wewe weka sikio kwenye tangi."

"Nasikia kitu kinalia nyiii."

"Hiyo ni pampu ya mafuta. Vizuri."

Sauti ya Lachlan Dacre, mtoto wa shamba la jirani, ikaingilia. "Merridy, jaribu kuliimbia! Ila ukiimba wewe litakimbia bila injini!"

"Toka kwenye redio, wewe!" baba yake alifoka, na vicheko vikasikika kutoka mashamba mengine. Kwenye redio ile kila mtu alimsikia kila mtu.

Maeve alimwelekeza kufungua plagi na kuangalia cheche. Cheche ilikuwepo, ya buluu. Lakini plagi ilikuwa nyeusi tii.

"Nyeusi?" Maeve aliuliza. "Ajabu. Gari lililoegeshwa likiwa zima, plagi zake huwa na rangi ya biskuti. Una hakika halijaguswa tangu wakati ule?"

Merridy aliifuta plagi kwenye suruali yake. "Nina hakika."

Aliirudisha plagi, wakaendelea. Walikagua fyuzi, wakachomoa nyaya na kuzirudisha. Saa mbili zikapita.

"Kwa hayo uliyonieleza, nabaki na pampu tu," Maeve alisema hatimaye. "Pengine inalia lakini haisukumi vizuri."

"Pampu ya gari kuukuu la mke wangu inaingiana na hilo," alisema Mzee Dacre, baba yake Lachlan. "Naing'oa sasa hivi nimletee. Huyu mtoto hawezi kukosa wiki yake."

"Na maji ya kondoo wako wa magharibi, Dacre?" Maeve aliuliza.

"Watavumilia mpaka kesho."

Merridy aliwajua kondoo wale. Bwawa lao lilikuwa limekauka, na walisubiri maji ya lori kila siku. Aliishika redio kwa mikono miwili. Mashamba kumi na manne yalikuwa yakisikiliza.

"Mzee Dacre, usije," alisema. "Nimesema uongo. Niliendesha gari Jumapili mpaka getini. Kulikuwa na mlio, likaharibika. Nilikuwa peke yangu. Samahani, Shangazi. Samahani, Mama."

Mama alishuka garini, akaja kusimama kando yake.

"Mlio gani?" Maeve aliuliza kwa upole. "Kama chuma kimekatika, au kama mfuko wa karatasi umepasuliwa?"

"Kama mfuko. Pap! Halafu moshi mweusi."

"Basi lala chini, upande wa kushoto, mbele. Utaona mpira wa hewa, mnene kama mkono wako. Turbo husukuma hewa kupitia humo. Ukichomoka, injini haijui tena imevuta hewa kiasi gani, wala itie mafuta kiasi gani."

Merridy aliingia chini ya gari. Mama alipiga magoti na kummulikia tochi. Mpira ulikuwa unaning'inia, na mkanda wake wa chuma umelegea. Merridy aliufuta mafuta, akaurudisha mahali pake, akakaza mkanda kwa bisibisi mpaka mkono ukamuuma.

Merridy alipotoka chini, Mama alipiga stata. Injini ilishika, ikanguruma, ikaendelea kunguruma.

"Ahsante, Merridy," Maeve alisema. "Umenieleza vizuri sana mara hii."

Mama alizima gari, akaketi kando yake kwenye vumbi. "Ulifuata nini getini?"

"Nilitaka kuona kama mtu atapita."

"Alipita?"

"Hapana."

Mama alimfuta mafuta shavuni kwa ukingo wa shati lake.

"Mjini tutakwenda," alisema. "Ukirudi utaosha mabirika ya kondoo mwezi mzima, yetu na ya Mzee Dacre. Na sitakuacha tena peke yako kila Jumapili. Hilo ni kosa langu, nitalirekebisha. Lakini sikiliza. Maeve hakuwa na macho hapa ila yako. Ulipomdanganya, ulimfanya kipofu, naye Dacre nusura awaache kondoo wake na kiu. Huku tuko wachache na tuko mbali. Kinachotuunganisha si redio, mwanangu. Ni kwamba mtu akisema jambo, tunalisadiki. Ukiivunja imani hiyo, utakuwa peke yako hata ukiwa katikati ya watu."

Merridy aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kumwomba radhi Mzee Dacre kwa jina, kwenye redio, mashamba yote yakisikia.