Gome Chini

Watu walimwita Kinyozi hata baada ya kukifunga kibanda chake, maana jina likishakuganda halikutoki. Jioni hiyo alikuwa nyuma ya nyumba na shoka lake, anapasua kuni za mti alioukatisha uani. Yaani, anajaribu.

Si kwamba nguvu zilimwishia. Mikono alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa mkewe.

Tangu waoane, kazi ile waliifanya wawili. Mke anasimamisha kipande juu ya kigogo, anaondoa mikono, anasema, "Haya." Ndipo shoka linashuka. Mara moja tu, ujanani, Kinyozi hakungoja, nusura amkate vidole. Alinuniwa mwezi mzima! Tangu hapo, bila "Haya" shoka halishuki. Kisha mke anazipanga kuni ukutani, gome juu, siku zote gome juu, ili mvua iteleze.

Sasa mke yuko kaburini, na shoka likiinuliwa linabaki hewani.

Hata huo mti, mke alikuwa amemkataza. Akiwa kitandani, sauti imebaki kidogo, alimvuta mkono. "Ule mti uache. Tuliukuta hapa. Si wetu peke yetu." Kinyozi akadhani ni homa inayosema. Halafu baada ya msiba, kila akitazama kivuli cha mti ule anakiona kiti cha mkewe, kitupu. Akachoka. Akaita mafundi wa msumeno. Mti ukalala chini asubuhi moja tu, upweke ukabaki umesimama palepale.

Basi akainua shoka. Likasimama hewani. Mzee wa watu akangoja... anamngoja nani? Machozi yakamlenga.

"Haya."

Nyuma yake. Karibu kabisa na sikio.

Shoka likashuka lenyewe. Kipande kikapasuka katikati, safi. Akageuka.

Hakuna mtu. Harufu tu, nzito, ya mti mbichi, na mti wenyewe ulikatwa zamani ukakauka.

Wewe ungekimbia. Hata mimi ningekimbia, sisemi uongo. Kinyozi akasimamisha kipande kingine.

Wakafanya kazi mpaka giza likaingia. Asubuhi akakuta kuni zote zimepangwa ukutani. Alifurahi jamani! Akawa anazipapasa moja moja, anatabasamu peke yake. Ndipo mkono wake ukasita.

Gome chini.

Zote.

Mkewe asingepanga hivyo hata kwa mtutu wa bunduki. Kinyozi alilijua hilo, alilijua vizuri sana... akanyamaza. Akikataa kwamba ni yeye, jioni atakaa na nani? Akaingia ndani akachemsha chai, akatoa vikombe viwili.

Ikawa hivyo kila jioni. Hakuna salamu, hakuna maongezi. "Haya" tu.

Siku moja binti yake akaja na gari kumchukua ili akaishi kwake mjini.

"Umekonda, Baba. Na jirani ananiambia unaongea peke yako."

"Jirani hana kazi ya kufanya."

"Wajukuu wanakuulizia kila siku. Leo hulali hapa, nuna usinune."

Kusema kweli, alitaka kwenda. Nyumba ile ilikuwa inamla. "Haya basi, twende," akasema. Na palepale, nyuma ya nyumba, kuni zikagongana.

Ko!

Mara moja tu.

Binti hakujali. Alikuwa ameshalijaza buti kuni, maana hapendi kitu kiharibike, tabia ya mama yake kabisa. Limebaki gogo moja nene. "Hili nipasulie, Baba, halitaingia hivi." Akaliweka juu ya kigogo, akainama, akawa analitafutia namna lisimame. Jua lilikuwa linazama. Kinyozi akainua shoka, akangoja.

Binti alikuwa bado amelishika kwa mikono miwili.

"Haya."

Sauti ileile.

Mikono ya Kinyozi haikuwahi kuikatalia sauti hiyo. Shoka likaanza kushuka... akaviona vidole... akajitupa pembeni na mwili wote. Shoka likazama ardhini, limeuchana mkono wa blauzi.

"Baba," binti akanong'ona, "mimi sijasema kitu."

"Najua."

"Ile... ile ni sauti ya mama."

"Si mama yako." Kulitamka kulimuuma kuliko siku ya mazishi. "Mama yako hapangi gome chini. Ingia kwenye gari."

Binti hakuuliza maana yake. Wakaondoka hata mlango hawakuufunga. Njia nzima kuni zilikuwa zinagongana kwenye buti, na kwa hofu waliyokuwa nayo, hakuna aliyezifikiria.

Kesho yake buti lilikutwa tupu. Kuni zimepangwa vizuri kando ya geti. Binti akadhani ni mumewe, mume akadhani ni mkewe, na Kinyozi hakuambiwa.

Alianza kucheka tena, mzee wa watu. Wajukuu walikuwa wanamng'ang'ania shingoni mpaka analalamika. Jioni moja akamchukua yule mdogo kwenda dukani. Wakapita getini, wakasimama ukingoni mwa barabara. Magari yalikuwa yanapita kwa kasi. Kinyozi akaushika vizuri mkono wa mtoto, akawa anangoja nafasi wavuke.

Harufu ikamfikia kwanza. Mti mbichi.

Halafu, karibu kabisa na sikio...

"Haya."

Na mguu wa Kinyozi ukainuka.