Shahidi wa Tumu

Masika, fundi cherehani kutoka Butembo, Kongo, aliyekuwa akikaa Berea jijini Johannesburg, alipata kazi ya kushona mapazia mtaa wa Observatory mwaka 2017, wakati jakaranda zimechanua. Nyumba ilikuwa kubwa, ya mawe, juu kilimani. Zabibu, mwanamke wa Tanga aliyeinunua ili apangishe wageni, alimpokea kwa chai na mandazi, akamwekea cherehani kwenye baraza ya nyuma yenye mwanga mzuri. Ila alimwomba jambo moja: jua likianza kuteremka, aingie ndani.

Masika akacheka, akauliza kuna nini. Zabibu hakucheka. Akamsimulia kama alivyosimuliwa na familia iliyomuuzia.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa Mwingereza, mwanasheria wa enzi za Malkia Victoria. Kwao alisifika kwa kriketi. Alicheza kwa mapenzi tu, maana kwa bwana wa hadhi yake kulipwa ilikuwa aibu. Dhahabu ilipopatikana Johannesburg akaja, akafungua ofisi, na mchezo hakuuacha. Kila alasiri mtumishi wake, Tumu, alimrushia uani mipira myekundu ya ngozi yenye mshono katikati, naye akaipiga kwa gongo mpaka giza liingie.

Ikatokea mfanyabiashara mmoja akauawa mjini, Tumu akakamatwa. Saa ya mauaji Tumu alikuwa uani akimrushia bwana wake mipira. Shahidi alikuwa mmoja tu, yule mwanasheria, na aliahidi kufika mahakamani. Lakini siku ya kesi ikaangukia siku ya mechi, na siku hiyo mikono yake ilikuwa imekubali, hakuna mpira uliompita. Akajiambia amalizie kwanza, kisha aende. Watu wakamshangilia mpaka jioni. Alipofika mahakamani, hukumu ilishatoka. Bado angeweza kusema, lakini aibu ilimziba mdomo. Tumu akanyongwa.

Baadaye akajenga hapa kilimani, mbali na viwanja. Mpira ukamfuata: kila alasiri alisikia mlio wake, ko, asimwone anayeurusha. Alasiri moja ya uzeeni alikutwa amekufa barazani, kavaa nguo zake nyeupe za mchezo, kifua kimebonyea. Mpira wenyewe haukuonekana.

Masika alikuwa mtu wa sala. Akamwambia Zabibu kwamba wafu wamelala, akaendelea kushona. Kazi ikamnogea, akalisahau jua.

Ko.

Alidhani ni dirisha. Ko. Safari hii karibu zaidi. Cherehani ikakwama. Ndege wakanyamaza. Akanusa nyasi mbichi zilizofyekwa sasa hivi, na bustani yote ilikuwa kavu.

Alipoinua macho, mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, amempa mgongo. Nguo nyeupe. Gongo mkononi. Anangoja mpira.

Masika alitaka kumwita Zabibu. Hakuwahi.

Mzee akanong'ona kwa Kiingereza, bila kugeuka: "Waambie alikuwa na mimi."

Ndipo hatua zikaanza kule bustanini. Mtu anakimbia. Mtu mwenyewe haonekani. Nyasi tu zilikuwa zikilala chini, hatua kwa hatua, kuelekea barazani. Masika akaelewa kwamba mzee anangoja kuuawa tena, kama jana, kama juzi. Huruma ikauzidi nguvu woga. Akasimama mbele yake, akainua mkono.

"Tumu," akasema. "Ulikuwa naye. Mimi nimemsikia akisema."

Hatua zikakoma. Pumzi ya mtu aliyetoka mbio ikampiga usoni. Ilikuwa ya baridi. Kisha sauti ya kijana, ya chini sana, kwa Kizulu ambacho Masika alijifunza mitaani:

"Kesi ilishakwisha."

Ko.

Zabibu alimkuta sakafuni, ameukumbatia mkono wake wa kulia. Barazani hapakuwa na mtu mwingine. Mapazia hayakumalizika. Wiki hiyo hiyo Zabibu aliifunga nyumba, akaenda kupanga kwingine, Midrand.

Kliniki wakaupiga mkono picha, mifupa ilikuwa mizima. Daktari akasema wekundu wa kiganjani utaisha wenyewe. Haukuisha. Mpaka alipohama Berea mwaka 2019, Masika alikuwa akimwonyesha yeyote aliyebisha: duara jekundu katikati ya kiganja, na juu yake alama za mshono, nyuzi zimepangwa sawasawa. Ukiligusa, lilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka sasa hivi mkononi mwa mtu mwingine.