Maharagwe ya Mama Mukashyaka

Maharagwe yalikuwa motoni tangu juzi, na bado yalikuwa magumu kama kokoto. Damien aliyaonja, akayatema. Gunia zima la makaa limekwisha, jamani, maharagwe gani haya?

Alikuja Goma kwa jambo moja tu: kumchukua dada yake Jolie, mwenye mimba ya miezi minane, akajifungulie kwa mama yao Rutshuru. Waasi walikuwa wamemchukua mumewe awabebee risasi, hajarudi. Kila asubuhi mkoba ulifungwa, na kila asubuhi Jolie alirudi kwenye chungu.

"Dada, gari inajaa, tuende!"

"Mugeni hawezi toka hapa bila kula," Jolie alinong'ona, macho sakafuni. "Mama mukwe hapendi."

"Mama mukwe gani? Si alikufa?"

Alikufa kweli, mwaka uliopita, volkano iliposhusha moto mjini. Majirani walimsihi bibi Mukashyaka akimbie. Akasema ana mgeni, na maharagwe hayajaiva. Moto ukamfunika yeye na jiko lake. Na watu wa Goma kwa ubishi! Jolie na mumewe wakajenga juu ya moto uleule uliopoa ukawa mawe, hata matanga hawakuyamaliza. Walipochimba msingi walikikuta chungu chake kizima, wakakiosha, wakapikia.

Damien alichoka. Siku tatu! Hasira zilimpanda hata asijali tena joto lililompanda nyayoni, wala harufu ya maharagwe yanayoungua ilhali chungu kimejaa maji, wala mwiko uliokuwa ukigonga chini ya sakafu, ko, ko, ko, ukimfuata kila alipokanyaga na kutulia kila aliposimama. Akachota kiganja kizima, akayatafuna hivyohivyo mabichi, akameza.

"Haya! Nimekula. Tuende!"

Mwiko ukanyamaza. Jolie akalia kwa furaha, akabeba mkoba, akatoka mbio bila hata kufunga mlango.

Gari lilikuwa bado barabarani, na dereva alikuwa akiita, "Rutshuru! Rutshuru!" Jolie akaweka mguu mmoja ndani. Damien akafungua kinywa amwambie asogee.

Iliyotoka ilikuwa sauti ya kikongwe, na pumzi yake ilinuka maharagwe yaliyoungua.

"Mutoto wangu, unaenda wapi? Mugeni hajashiba."

Damien alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Jolie akashusha mguu wake polepole, akamuuliza dereva makaa yanauzwa wapi.