Simu Iliyolia Mkononi

Sogeeni. Wewe uliyeegemea mlango, ama ingia ama toka, usinipitishie upepo. Na hizo simu zenu zimeni. Sijasema mzinyamazishe, nimesema mzizime kabisa. Mkimaliza kunisikiliza mtajua kwa nini bibi yenu leo ni mkali. Haya, midomo kimya. Hasira niliyo nayo juu ya jambo hili haijapoa mpaka leo, na siwezi kulisimulia huku mtu ananitafunia kitu sikioni.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwigizaji wa kikundi cha maigizo. Kwa maneno yake mengi tulimwita Chiriku. Mwanamke yule akicheka jikoni kwake, mimi huku kwangu nacheka, wala sijui tunachekea nini. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti naye akaingia kikundi hicho hicho, ila si jukwaani. Yeye alikuwa fundi wa sauti. Walimwita Kidole.

Jina hilo lilitoka kwenye kazi yake. Simu mnayoiona mezani kwenye maigizo si simu, ni ganda. Yao ilikuwa nyeusi, ya zamani, yenye duara la kuzungushia namba na mkonga mzito wa kusikilizia. Utumbo wake ulikuwa umetolewa wote, ndani pamewekwa kispika kidogo na betri. Kidole alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye kichumba chenye dirisha la kioo, rimoti mkononi. Akibonyeza kitufe cha kwanza, simu inalia kule jukwaani. Akibonyeza cha pili, inasema. Ufundi wenyewe uko hapa: macho hayabanduki kwenye mkono wa mwigizaji. Mwigizaji akiinua tu mkonga, mlio ufe papo hapo. Ukichelewa kidogo, simu inaendelea kulia mkononi mwa mtu, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Kilio chote kinageuka vichekesho. Kidole hakuwahi kuchelewa. Na kila kazi ikiisha alifungua kitako cha simu, akatoa betri, akazitia mfukoni mwa aproni, maana zikiachwa humo zinavuja.

Basi Chiriku akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kama mtu anayepasua kuni kifuani. Mwongozaji wa kikundi, bwana mmoja wa kuvaa skafu hata jua likiwaka, akamwondoa jukwaani mbele ya wenzake.

"Mama, watu wanakuja kusikia maneno," alimwambia. "Hawaji kusikia kifua."

Wenzake wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyefungua kinywa, na hao wote alikuwa amewalisha jikoni kwake! Chiriku akarudi nyumbani, akalala, na kicheko cha upande wa pili wa ukuta kikaisha.

Siku moja Kidole alikuwa ametoka kwenda duka la dawa, Mwongozaji akaja. Nilimwona kwa macho haya, anabisha hodi kwa upole kama muuza sabuni. Hakukaa sana. Kidole aliporudi alimkuta mama yake ameketi kitandani, uso unang'aa.

"Wananirudisha kazini, mwanangu."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe kaja hapa! Kanipa maneno nisome, kanirekodi. Anataka kupima kama sauti bado ipo."

"Na ipo?"

"Weee! Nimemtoa machozi yule."

Haikupita wiki tukamzika. Mwongozaji hakuonekana makaburini. Alituma salamu.

Mazishi yalipopita, Kidole akarudi kazini, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Ilikuwa mchana wa kawaida tu. Wafagizi walikuwa wanapanga viti, mtu fulani anagongomea ukuta wa mbao, chai iko kwenye chupa. Walikuwa wanaanza igizo jipya, habari za kijana aliyehamia mbali, mama yake anampigia simu akiwa mahututi. Kijana huyo aliigizwa na mmoja waliyemwita Tambo, mtu wa majivuno ila hana roho mbaya. Mwongozaji akamkabidhi Kidole sauti ya simu kwenye flashi.

"Nimesharekodi kila kitu. Wewe bonyeza tu."

Kidole akabonyeza. Simu ikalia. Tambo akainua mkonga, mlio ukafa. Akabonyeza cha pili.

"Umefika, mwanangu? Umekula?"

Halafu kikohozi.

Jamani. Kikohozi hicho Kidole alikuwa amekipokea kwenye kitambaa, asubuhi na jioni. Alikijua kama anavyojua kitasa cha mlango wao. Kule jukwaani watu wote walikuwa wamesimama, wengine wanafuta macho, na Mwongozaji amekunja mikono, ametosheka kama mtu aliyetoka kushiba.

Kidole alishuka kati ya viti, miguu haigusi chini kwa hasira.

"Hii umeitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe."

"Alikupa? Ulimwambia anarudi kazini!"

"Na si amerudi?" Mwongozaji akatabasamu. "Kila siku ya onyesho atakuwa hapa na sisi. Wangapi wamefiwa na wana bahati kama yako?"

"Nipe sauti ya mama yangu. Nipe, na kwako uifute. Tafuta mtu mwingine akukoholee."

"Mwingine hawezi kukohoa vile. Hebu sikiliza mwenyewe! Kitu kile hakifundishwi." Akarekebisha skafu. "Ama ubonyeze, ama niite mwingine abonyeze. Kubonyeza nako ni kazi ya kujidai?"

Tambo alijitia kusoma karatasi zake. Zilikuwa kichwa chini.

Mngekuwa nyinyi mngeondoka, najua. Hata mimi nilimwambia aondoke. "Bibi," akaniambia, "nikiondoka, mama yangu atakohoa kwa kidole cha mtu asiyemjua. Sitoki pale bila sauti yake." Ile flashi ilikuwa nakala tu; sauti yenyewe Mwongozaji aliiweka ndani ya kinasa sauti chake, na kinasa kilikuwa hakitoki mfukoni mwake. Kwa hiyo binti akabaki. Akabonyeza. Kila akibonyeza, kitu ndani yake kilikuwa kinakaza kama kamba iliyolowa.

Kwenye mazoezi yaliyofuata ndipo mambo yalipoanza. Tambo aliinua mkonga. "Umefika, mwanangu? Umekula?" Kikohozi. Hapo ndipo sauti iliyorekodiwa ilipoishia. Kidole alikuwa tayari ameweka rimoti mezani.

Simu ikavuta pumzi.

"Wewe si mwanangu," ikanong'ona.

Tambo akageuka kutazama dirisha la kioo. "Dada Kidole, umeongeza maneno?"

"Nani kakwambia uongeze?" Mwongozaji akafoka kutoka kitini. "Unataka kutuharibia?"

"Sijaongeza."

"Basi vidole vyako vina pepo!"

Watu wakacheka, kicheko cha kujipendekeza. Kidole hakucheka. Alivaa vipokea sauti, akasikiliza ile sauti kwenye flashi tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yale hayakuwemo.

Mazoezi yalipokwisha alitoa betri kama kawaida, akaiweka simu kwenye meza ya vifaa, akaifunika kitambaa. Wenzake walikuwa nje kwenye jua wanapiga soga. Alikuwa anakunja nyaya aliposikia kitu chini ya kile kitambaa. Haukuwa mlio. Ilikuwa pumzi, ile ya mtu anayetaka kusema akasita.

Akagusa mfuko wa aproni. Betri zimo.

Akafunua kitambaa. Akashika mkonga. Ulikuwa wa moto, moto wa shavu, kama mtu ametoka kuongea nao sasa hivi. Ulinukia ile dawa ya kuchua kifua.

"Mama?"

Akausogeza karibu na sikio.

"Mama, si mimi niliyekuuza."

"Najua." Sauti ilikuwa ndogo, mbali, imekereka. "Siku ikifika, usibonyeze."

Kidole aliniletea habari hiyo jikoni kwangu, midomo imemkauka. Nilimtazama. Sikumwambia kwamba usiku nami nasikia mtu anatembea upande wa pili wa ukuta, anatembea kama mtu aliyetukanwa.

Siku ya onyesho ilikuwa jioni mapema, nje bado kweupe. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa ngazini. Mwongozaji alisimama pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, kinasa chake mfukoni, anangoja machozi ya watu. Kule nyuma Kidole alikuwa ameketi, mikono amekumbatia kifua. Rimoti ilikuwa mezani, ameipindua vitufe chini. Betri za simu zilikuwa mfukoni mwake. Aliwaza: leo simu haitalia, Tambo atasimama pale kama nguzo, na huyu bwana atazomewa mpaka skafu imkabe. Huo ndio ulikuwa mpango wake wote. Aibu. Alitaka amwone ameaibika.

Zamu ya simu ikafika. Tambo akasimama karibu na meza. Akangoja.

Ukumbi kimya.

Tambo akakohoa kidogo kumkumbusha Kidole. Akatazama kioo. Jasho likamtoka. Kule nyuma ya pazia Mwongozaji alikuwa anapunga mikono kama anafukuza nyuki.

Simu ikalia.

Kidole akashika mfuko. Betri zimo. Akatazama rimoti. Imelala.

Tambo akavuta pumzi ya mtu aliyeokolewa. Akainua mkonga.

Mlio haukufa.

Ililia mkononi mwake. Ililia na kulia. Kidole alifumba macho akingoja kicheko cha watu. Hakikuja. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Mtoto fulani mbele akajificha kifuani mwa mama yake. Mlio haukuwa ule wa siku zote; ulikuwa mkavu, unakatika na kurudi, unakatika na kurudi.

Kama kikohozi.

Halafu ukasema, na ukumbi mzima ukasikia.

"Mpe aliyenidanganya."

Tambo hakuuliza ni nani. Aligeuka tu, akanyoosha mkonga kuelekea pazia. Mwongozaji akaingia jukwaani mbio, macho mekundu. Hakuwa ameogopa, nawaambieni. Alikuwa na hasira! Alidhani ni Kidole anamchezea. Watazamaji walidhani naye yumo igizoni. Akampokonya Tambo mkonga.

"Wewe msichana," akanguruma mle, "nitakufundisha adabu!"

Akauweka sikioni.

Mlio ukakoma.

Watu hawakusikia kitu. Waliona uso tu. Uso ulianza kulegea, kidogo kidogo, kama nguo inayoteleza kwenye kamba.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ni mimi."

Akasikiliza.

"Ndiyo. Nilijua hutarudi."

Akasikiliza tena. Alijaribu kuuondoa mkonga. Haukuondoka. Alivuta kwa mikono yote miwili, kichwa chote kikafuata.

"Mama, tafadhali. Watu wananitazama."

Na watu wakasimama, wakampigia makofi. Waliona hawajapata kuona mwigizaji kama huyo. Walipiga makofi mpaka pazia likafungwa, na ndani ya makofi hayo yeye alikuwa anapiga kelele, hakuna anayemsikia.

Kidole alikimbia mpaka jukwaani. Alimkuta Tambo amekaa chini, na Mwongozaji amepiga magoti, mkonga umeanguka wenyewe kando yake. Amefunika sikio la kulia kwa kiganja. Binti hakumwuliza kama ameumia. Aliingiza mkono mfukoni mwa bwana yule, akachukua kinasa, akaondoka nacho. Alikuja nacho moja kwa moja kwangu, tukafunga mlango, akakiwasha.

Hakuna kitu. Kinasa kilikuwa kinaonyesha kinacheza, mstari unatembea, lakini ndani ni kimya. Hata pumzi hamna. Akaweka flashi. Kimya. Akafungua simu yake mwenyewe, alikokuwa ametunza ujumbe wa mama yake akimwagiza chumvi na viberiti, ule aliokuwa anausikiliza kabla ya kulala. Ujumbe upo, ila sauti hamna. Alinitazama binti yule. Alikuwa ameenda kumtoa mama yake mikononi mwa mtu, na sasa hakuna mahali popote duniani palipobaki sauti yake.

Hivyo tulidhani, mpaka mke wa Mwongozaji alipokuja kubisha hodi. Mwanamke mpole, amekonda, macho yamemwingia ndani.

"Dada yangu," akamnong'oneza Kidole, "mume wangu halali. Madaktari wamelimulika sikio, hawaoni kitu. Lakini mimi ninayelala karibu naye nasikia. Mle ndani kuna mwanamke anaongea. Hanyamazi. Na mara nyingine anakuulizia wewe."

Basi, mkitaka kujua nani alirithi nini, nisikilizeni. Kiti cha mwongozaji alikirithi Tambo, na igizo lile hajalirudia. Mimi nilirithi sufuria kubwa ya Chiriku, ile yenye kishikio kimoja. Nyumba na vitambaa vya kichwa alivirithi Kidole. Na sauti ya Chiriku aliirithi mtu asiyestahili kurithi hata ukucha wake.

Kidole huenda nyumbani kwa Mwongozaji mpaka leo. Hasalimii, wala hakaribishwi. Yule bwana akimwona anatoa mkono sikioni, anageuza uso ukutani. Binti anavuta kiti upande wa kulia, anainama mpaka nywele zinagusana, anasikiliza.

"Nimekula, mama," anajibu, ndani ya sikio la mtu anayemchukia.