Nyumba ya Magazeti

Hoteli ikifilisika, hata vijiko vyake huanikwa hadharani. Siku ya mnada watu walijazana ukumbini wakisukumana, na fundi wa mapazia, ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe, alikuwa keshalidaka jora la kitambaa cha bluu iliyokolea. Akalivuta. Halikuja. Upande wa pili lilikuwa limeshikwa na kijana mrefu, suruali imechanika magotini, saruji imemkaukia kwenye kucha.

"Kaka, achia. Nimekutangulia."

"Umetangulia upande huo, dada yangu. Huku nimetangulia mimi."

"Kwani wewe fundi wa nini?"

"Vigae."

"Vigae na kitambaa wapi na wapi?"

"Nina nyumba inataka mapazia."

Binti alicheka mpaka mikono ikamlegea. Nyumba, siku hizi? Ujenzi umesimama, maduka yanafungwa moja baada ya jingine, na kazi aliyobaki nayo ilikuwa kupunguza magauni ya watu waliokonda.

"Iko nje ya nchi," kijana alisema. "Kodi tunayolipa huku, kule unapata kuta zako na paa lako. Kazi zipo, watu wanajenga. Naimalizia, kisha nahama."

Walilinunua jora kwa ubia, likakaa kwa binti. Na mapenzi nayo hayakungoja. Kila mchana kijana alimpigia, akimwita Pindo kwa ajili ya ushonaji wake.

"Pindo wangu, umekula?"

"Nimekula, mzee wa saruji. Wewe je?"

"Vumbi tu, mpenzi. Leo halina hata chumvi."

Mambo yakaharibika siku alipokuja kuaga. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa, akasimama mlangoni akihangaika na kikaratasi.

"Nishonee yale mapazia. Vipimo vya madirisha hivi hapa."

Moyo wa binti ulishuka. Mtu anaondoka, hasemi twende, hasemi nisubiri, anaagiza mapazia! Kumbe siku zote alikuwa mteja?

"Unanijua," alijibu kwa ukali. "Sishoni pazia la dirisha nisilolipima kwa mkono wangu."

Ni kweli, mtaa mzima ulijua. Hata mteja wa ghorofa ya juu kabisa, lifti mbovu, alipanda ngazi na futi yake shingoni.

Kijana alingoja kidogo, kama mtu aliyesikia nusu ya sentensi. Kisha akakunja karatasi. "Haya, fundi." Hakumwita Pindo. Kesho yake akaondoka.

Tangu hapo binti hakutulia. Anaketi, anainuka. Anashona, anafumua. Anashika simu, anaitupa kitandani.

"Uzi unauharibu bure, mwanangu," mama yake alimwambia. "Kama umemkumbuka, mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie jora lake linajaza chumba. Uongo mwingine nikutafutie mimi?"

Akapiga simu ya video. Kijana akapokea akiwa amepiga magoti sakafuni, akainuka kwa pupa, simu ikamponyoka. Binti akaona chumba kizima kikipinduka: vigae vyeupe vinang'aa, na madirisha yote yamebandikwa magazeti.

"Mbona magazeti? Huko hakuna mapazia?"

"Yamejaa sokoni."

"Sasa?"

"Fundi wangu hashoni bila kupima." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilijua utakataa vile vipimo, Pindo. Nilitaka ukatae. Nilidhani utasema, basi twende nikapime. Ukakataa, ukanyamaza."

"Jamani! Mwanamume mzima unaposa kwa vipimo vya madirisha?"

"Ningesema nini? Uache mama na wateja, unifuate kwenye nyumba isiyo hata na kochi? Niliogopa."

"Domo zege!" mama alidakia kutoka jikoni.

Binti alicheka huku machozi yanamtoka, maana alikuwa amempenda mtu huyu na nusura ampoteze kwa kiburi. Alipogeuka, alimkuta mama yake ameshika bisibisi, anafungua cherehani kutoka kwenye meza yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Beba kichwa. Meza utachongewa kokote."

"Na wewe?"

"Mimi nina dada yako. Nitakuja kuyaona hayo mapazia. Yakiwa yamepinda, nitasema."

Binti alifika kwa kijana mchana, gauni la njano limekunjamana kwa safari. Hakuketi. Alibandua gazeti la kwanza, jua likamwagika juu ya vigae, akapanda kigoda, futi mkononi.

"Shika chini hapo."

Kijana akapiga magoti, akashika. Binti akasoma namba, akasoma tena.

"Vipimo vyako vilikuwa sawa."

"Najua."

"Basi sema lile ulilotaka kusema siku ile. Bila karatasi."

"Nataka uwe mke wangu, Pindo. Humu ndani. Hata kama kochi halijafika."

Binti akaiachia ncha ya juu ya futi, ikamwangukia kijana kichwani.

"Nimekubali," akasema. "Niokotee futi, mume wangu, tupime upya."