Mistari ya Jumamosi

Land Rover ya kijani ilipita Gatongora ikitimua vumbi. Nyuma yake, hatua hamsini tu, Kaleli alikuwa amelalia tangi la pikipiki yake, BSA.

Amri ilimfikia kwa simu asubuhi hiyo ya Julai 1957, maneno matatu tu: "Mtungi umevuja, Ruiru." Maana yake aliijua. Kitabu cha vipimo vya mto Chania kilikuwa kimeibwa, na saa nne kamili tume ya maji ingekaa Thika kukisoma.

Kitabu hicho ndicho kingeamua sheria mpya igawe mto vipi: mji upate kiasi gani, mashamba makubwa kiasi gani, vijiji kiasi gani. Bwana Penhallow, mwenye kahawa isiyo na mwisho, alitaka kuuchepusha mto kiangazi kizima. Akipewa kibali, watu wa mashariki mwa Thika wangechota mchanga. Mbula, mama yake Kaleli, alikuwa mmoja wao.

Kaleli akachomoa bastola yake, Webley.

Risasi moja. Gurudumu la nyuma likapasuka.

Land Rover ikaserereka hadi mtaroni. Dereva akaruka, akapotelea kwenye mibuni bila kugeuka. Kitabu kilikuwa juu ya kiti, kimefungwa kamba vizuri kama mkate wa dukani.

Mwizi gani huyo anayesahau alichoiba?

Kwenye stesheni ya Ruiru aliomba simu.

"Sajini, ninacho."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Kilete Thika, kwa hoteli ya maporomoko, tume inakaa hapo. Usikifungue."

Sajini ni Boaz Muthoka, mkuu wake. Kule Burma alimbeba Kaleli mgongoni siku mbili, na vita vilipokwisha akamfundisha kazi hii yote ya upelelezi, hata kuandika: saba ikatwe kistari tumboni, isije ikafanana na moja. Kaleli hakuwahi kumkaidi hata siku moja.

Siku hiyo alimkaidi. Dereva yule alikuwa amekimbia mapema mno.

Ndani aliukuta mwandiko wa Gathogo, msomaji wa vipimo, ambaye kila asubuhi hushuka mtoni kusoma ubao wenye namba za futi. Lakini Gathogo ni Msabato. Jumamosi hagusi kalamu. Mkewe Ngendo ndiye husoma ubao na kuujaza mstari wa siku hiyo. Kaleli alishakikagua kitabu hicho mara mbili, na herufi za Ngendo alizijua, kubwa na zilizolala.

Humu Ngendo hakuwemo. Jumamosi zote zilikuwa na mwandiko mwingine. Februari, kiangazi kikali, mto eti futi 2.7, maji ya kumtosha Penhallow na vijiji vyote.

Na kila saba ilikuwa na kistari tumboni.

Kaleli alikaa chini kwenye kokoto za reli. Aliumia, na hakuna haja ya kuficha: aliumia kuliko siku ile alipopigwa risasi Burma. Kisha akazipiga kurasa picha kwa kamera yake ndogo, Minox, akawasha pikipiki.

Nyumbani kwa Gathogo, karibu na mto, mwenye nyumba hakumtazama usoni.

"Boaz alisema nisipoandika upya atanipeleka kambi ya detention," Gathogo akasema. "Ile kitabu ya kweli alichoma hapa jikoni."

"Na Jumamosi?"

"Hiyo singeweza. Hiyo ni Sabato."

Siku sita mtu huyu alidanganya, ya saba akaitakasa. Kaleli angecheka kama moyo wake ungekuwa mzima.

Ngendo akatoka akijifuta mikono. "Mimi nilimwambia Jumamosi ni yangu, na siandiki uwongo. Akajiandikia mwenyewe, kwa meza yangu, na chai yangu akanywa. Lakini hakuuliza mimi naandika wapi kwanza."

Akaingiza mkono kwenye debe la unga, akatoa daftari la penseli. Kila Jumamosi Ngendo huandika pale pale mtoni, ndipo aje kunakili nyumbani. Februari: 0.7. Maji ya kulowesha vifundo vya miguu.

"Mama, utayasema haya mbele ya wazungu?"

"Wao wamewahi kusoma huo mto? Ngoja nichukue leso."

Mlango wa mbele wa hoteli haukuwa wa mtu mweusi. Kaleli aliingia kupitia jikoni, amevaa kanzu na tarbushi vya mhudumu, sinia mkononi. Wazungu hawamtazami mhudumu usoni, na kwa kazi yake hiyo ilikuwa afadhali kuliko bastola.

Boaz alikuwa amekaa pembeni, siku hiyo akiwa karani wa tume. Alipoinua macho, alikuwa amechelewa.

"Chai, Mwenyekiti," alisema Kaleli. Kando ya birika akaweka kitabu, kando ya kitabu daftari la Ngendo. Halafu akalivuta jalada la kumbukumbu kutoka chini ya mkono wa Boaz, akalifungua juu ya meza.

Tarehe ya leo, kwa mwandiko wa Boaz. 17/7/57. Saba tatu, vistari vitatu.

Mwenyekiti alikuwa mhandisi mzee aliyepima mito maisha yake yote. Akavaa miwani, akatazama huku, akatazama kule. Kisha, alipoambiwa mwenye daftari anangoja nje, akaagiza yule mama aitwe, apite mlango wa mbele.

Ngendo alisema nusu saa, amesimama, na hakutetereka. Kitabu kikatupwa, kibali kikakataliwa. Penhallow akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Askari wawili walimsimamisha Boaz barazani, maporomoko yakinguruma chini yao.

"Kwa nini, Sajini?"

"Sheria mpya itataka mkubwa mmoja mweusi wa kusimamia maji. Penhallow aliniahidi hicho kiti."

"Basi mbona ukanituma mimi? Kitabu ulikuwa nacho."

Boaz akatazama maji. "Kikiletwa na mimi, wangekagua. Kikiletwa na wewe, nani angeuliza? Kila mtu anajua Kaleli hasemi uwongo."

Hapo ndipo kisu kilipofika mfupani. Alichaguliwa kwa sababu anaaminika.

Askari mmoja alimletea jalada atie sahihi ya shahidi. Kaleli akatoa kalamu ya Parker aliyopewa na Boaz siku walipovua sare. Akaandika jina, kisha tarehe, polepole, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea vingine. Saba tatu, bila kistari.

Akafunga kalamu, akaichomeka kwenye mfuko wa koti la Boaz.

"Asante kwa Burma, Sajini."

Akavua tarbushi, akaitundika kwenye msumari wa jikoni, akatoka kuelekea kwenye pikipiki yake.