Mteja Asiye na Gari

Asubuhi ile Khalfani alishika kichwa cha waya wa kuchajia magari ili akifute vumbi, akakiachia haraka. Kilikuwa na moto. Si moto wa kuunguza, ni moto wa kitu kilichotoka kufanya kazi, kama pasi iliyochomolewa muda si mrefu. Alidhani ni jua, lakini jua lilikuwa bado nyuma ya maghorofa na uwanja mzima ulikuwa kivulini. Akanusa vidole vyake. Vilinukia halwaridi, na chini ya halwaridi kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Na tangu siku ya ufunguzi hakuna gari lililokuwa limechaji pale. Hakuna kabisa, wala sitii chumvi. Kituo kilijengwa Mchafukoge, nyuma ya maghorofa, jirani kabisa na maduka ya Kariakoo: mashine mbili nyeupe, paa la bati la bluu na kibanda cha msimamizi. Siku ya ufunguzi walikuja wakubwa, utepe ukakatwa, gari moja la umeme likachomekwa waya, watu wakapiga picha, gari likaondoka na halikurudi tena. Wenye magari hayo mjini ni wachache, na hao wachache wanachaji majumbani kwao wakiwa wamelala. Nani mwenye akili timamu atoke Masaki na gari lake la thamani, aje kupambana na mikokoteni na marobota, akwaruzwe ubavu, eti anatafuta chaji? Kampuni haikujiuliza swali hilo. Ilijenga, ikamwajiri Khalfani, ikakaa kusubiri.

Khalfani aliipokea kazi kwa furaha, halafu ikamtia aibu. Maisha yake yote alikuwa mwita wateja Kariakoo, na wenye maduka walikuwa wakimgombania. Mama aliyetoka kwake kufuata dawa ya kikohozi alipita mbele ya Khalfani, akarudi nyumbani amebeba mapazia. Sasa mtu huyo alikuwa anashinda kwenye kiti cha plastiki akiangalia paka wanavyogombana.

Kosa lilikuwa limetokea Ijumaa iliyotangulia, jua likizama. Maimuna, binti yake wa pekee, alikuwa amemletea chakula kama kawaida yake, akawa anasubiri vyombo huku ameegemea mashine.

"Baba, siku hizi hata kuita umesahau?" alimtania.

"Nimwite nani hapa? Hawa paka?"

"Ita tu. Nimeikumbuka ile sauti yako ya dukani."

Mzee akitaniwa na mwanawe ana nguvu gani ya kukataa? Khalfani alisimama, akapiga makofi, akaugeukia uwanja mtupu.

"Karibu mteja wangu, karibu! Pita ndani, usiogope bei! Nifungulie biashara, wewe ndiye wa kwanza! Chagua unachotaka, tutaelewana!"

Maneno hayo yanasemwa Kariakoo kila asubuhi, tena na watu wanaosali. Lakini wanaambiwa watu wanaoonekana, mchana kweupe. Khalfani aliyasema saa ya magharibi, saa ambayo hata mtoto anaitwa ndani na dirisha linafungwa, na aliyasema mahali palipojengwa pakaachwa patupu muda mrefu bila hata dua ya kuingilia. Mashine aliyoiegemea Maimuna ikatoa mlio mfupi, ule inaoutoa gari linapochomekwa. Waya ulikuwa unaning'inia mahali pake.

"Umeona, Baba? Kaja!" Maimuna alicheka mpaka akashika mbavu.

Khalfani naye alicheka. Lakini Jumatatu asubuhi alipoukuta waya una moto, hakucheka tena. Aliangalia kioo cha mashine, akaona mstari wa kijani, ule unaopanda kadiri gari linavyojaa, umeanza kupanda kutoka chini.

Simu ikaita. Alikuwa Zulekha, mkewe, akipiga kutoka chumba chao cha Buguruni.

"Baba Maimuna, mtoto hataki kuamka," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye ndani. "Anapumua vizuri, ila mikono yake ya baridi. Na nyie mmempaka marashi gani?"

Walimpeleka hospitali. Damu ikapimwa, ikawa safi. Moyo ukapimwa, ukawa mzima. Daktari akasema ni uchovu, apewe matunda na apumzike. Maimuna alipumzika mpaka kunyanyua kijiko kukamshinda. Kila Khalfani alipofika kituoni alikuta mstari wa kijani umepanda kidogo, na kila aliporudi nyumbani alikuta binti yake ameshuka kidogo, na ingawa hakutaka kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, yalikwenda yenyewe yakakaa pamoja.

Alimpigia fundi wa kampuni. Hillary, kijana mpole wa Moshi, alikuja mchana akiwa na begi la vifaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Njoo usikilize."

Mashine ilikuwa inanguruma polepole, mngurumo wa paka aliyeshiba. Hillary alitabasamu, akafungua kisanduku cha nyuma, akashusha swichi kuu. Feni ya kibandani ikasimama, na mashine ya pili ikazimika kioo. Ile ya kwanza iliendelea kunguruma. Hillary akachomoa waya mkubwa unaoingiza umeme kwenye mashine, akaushika mkononi akiuangalia, na mngurumo haukupungua hata chembe, mstari wa kijani ukawaka vilevile, na kwenye nafasi ya kuegesha gari, mahali palipokuwa patupu tangu utepe ulipokatwa, lami ikaanza kutoa mvuke kama panapomwagwa maji ya moto.

"Mzee," Hillary alinong'ona, "hii inavuta wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Inavuta. Inavuta kweli. Lakini si kwetu." Alikusanya vifaa vyake bila kuvipanga. "Nakuja na mwenzangu kesho."

Hakuja. Ila jioni alipiga simu, akaongea haraka haraka. Alisema mitambo ya ofisini inaonyesha kituo cha Mchafukoge kina gari linalochaji mfululizo tangu Ijumaa, wakubwa wamefurahi mno, wanampongeza mzee Khalfani, na wamesema asije akamkatiza mteja. Niliposimuliwa mpaka hapa, nami nilitukana, Mungu anisamehe. Mtoto wa mtu anaisha, ofisini wanapongezana.

Ndipo Zulekha alipomchukua mumewe wakamfuata Bi Mgeni. Huyu mama anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na wenye shida zao wanajua kwamba akishafunika viatu vyake turubai ana kazi nyingine. Alimsikiliza Zulekha huku akikung'uta kiatu cha mtoto, akauliza jambo moja tu: maneno yaliyosemwa Ijumaa yalikuwa yapi, neno kwa neno. Khalfani aliposimulia, Bi Mgeni alikiweka kile kiatu chini.

"Huyo siwezi kumfukuza," alisema. "Angekuwa amevamia, ningemtoa. Wewe umemwita, ukamwambia achague, naye amechagua aliyekuwa amesimama pale."

Zulekha aliziba mdomo kwa khanga.

"Lakini ulisema mtaelewana," Bi Mgeni aliendelea, akimtazama Khalfani. "Basi bei bado haijafungwa. Wewe ni mtu wa Kariakoo. Kesho adhuhuri utakwenda kupatana naye, na mtoto awepo."

Walimleta Maimuna kwa bajaji, jua likiwa utosini, wakati watu wa mtaa ule wamejikunyata vivulini. Alikuwa mwepesi kama nguo. Walimlaza kwenye mkeka mbele ya mashine, na mstari wa kijani ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika juu. Bi Mgeni alichoma ubani, akasoma, akanyamaza. Harufu ya halwaridi ikaja nzito mpaka ikawa na ladha mdomoni, na ile ya nywele ikaja nyuma yake, na kelele zote za Kariakoo, honi na vipaza sauti na mikokoteni, zikapotea, ukabaki mngurumo peke yake, ukipanda kutoka kwenye lami na kupita kwenye nyayo zao hadi kwenye meno, na Maimuna, ambaye tangu jana yake hakuwa amefungua mdomo hata kwa maji, akaufungua, akaongea kwa sauti ya mteja mstaarabu asiye na haraka.

"Nakaribia kumaliza, mwenye duka."

Khalfani alirudi hatua moja nyuma. Bi Mgeni alimsukuma mgongoni.

"Mteja wangu," alianza Khalfani, "huyo hakuwa bidhaa. Alikuja kuleta chakula tu. Chagua kingine."

"Nimependa huyu."

"Nitakupa mbuzi. Mweusi, bila doa."

Sauti ilicheka kidogo, bila midomo ya Maimuna kusogea.

"Nichukue mimi basi! Nichukue mimi mzima mzima!"

"Wewe mtumba," sauti ilisema. "Umeshavaliwa sana."

Mstari ukapanda. Upana wa kidole ukawa upana wa ukucha, na Khalfani, aliyewahi kuwauzia mapazia watu wasio na madirisha, alitafuta cha kuuza asikione, akataja nguvu za mikono yake, akataja macho yake, akataja miaka aliyobakiza, akawa anavimwaga tu kama mtu anayefilisika, analia, anabembeleza, anaapa, anarudia bei zilizokwisha kukataliwa, huku mkewe amelala kifudifudi juu ya mtoto akijaribu kumkinga na kitu kisichoonekana, mpaka sauti ikasema:

"Hiyo."

"Ipi, mteja wangu?"

"Hiyo unayoniitia. Hiyo nzuri. Nipe hiyo, nimwache."

Khalfani hakusubiri mteja ageuze nia. "Chukua!" alisema, na hilo ndilo neno lake la mwisho duniani.

Mngurumo ulikatika. Mstari wa kijani ukaporomoka mara moja mpaka chini na kioo kikawa cheusi. Kelele za Kariakoo zikarudi zote kwa pamoja, mtu akitangaza bei ya ndala, mwingine akimtukana mwenye mkokoteni. Maimuna alifumbua macho, akakunja uso kwa sababu ya jua.

"Mama, nina njaa," alisema.

Zulekha alipiga kigelegele kikavunjikia katikati kwa kilio. Alimkumbatia, akambusu vidole kimoja kimoja, vikiwa na joto lake la kawaida. Khalfani alisimama hatua chache nyuma yao, akafungua mdomo amwite mwanawe. Pumzi ilitoka peke yake. Alijaribu tena, akajishika koo, halafu akatabasamu machozi yakimtiririka, maana ile kwake ilikuwa bei ndogo mno, alikuwa hajawahi kupatana vizuri namna ile. Bi Mgeni naye alimpa ishara ya kumpongeza, akaanza kuzima ubani.

Ndipo sauti ikaja kutoka kwenye ile nafasi tupu ya kuegesha gari. Ilikuwa nzito, tamu, yenye kucheka kwa ndani, sauti iliyojulikana Kariakoo nzima.

"Mama Maimuna," ilisema, kama mteja anayeomba nyongeza bei ikishafungwa, "na mimi si unaniongeza kidogo?"

Mikono ya Bi Mgeni iliganda juu ya chetezo. Khalfani alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosikika.

Zulekha hakugeuka. Uso wake ulikuwa kwenye nywele za binti yake, na kwa siku zote zile hakuwa amemsikia mumewe akiongea kwa furaha namna hiyo.

"Nitakuongeza, mume wangu," alijibu huku akicheka na kulia. "Leo sikunyimi kitu."

Khalfani alimfikia, akamshika mabega, akamgeuza kwa nguvu. Zulekha alimtazama machoni, akimtabasamia, akisubiri amwambie anataka nini.